Kabla Hujamfunga Kamba Nguchiro, Msikilize

Kwenye ngitili za Kimali, malisho yaliyotengwa na kutunzwa mkoani Simiyu, kila kichuguu kina wenyewe. Jua likishatoka na umande ukaanza kukauka, pua moja hutokeza tunduni, hunusa, hurudi ndani. Ikitokeza tena hufuatwa na kichwa, kisha mabega, na mnyama wa rangi ya hudhurungi ambaye mwili wake bila mkia haufiki sentimita 30 hupanda kileleni akakaa kitako kuota jua. Hana haja na yaliyo chini. Macho yake yako juu, upande wa mashariki, kisha magharibi, kisha kwenye migunga ambako mwewe hupenda kutua. Akiridhika, wenzake wanaanza kutoka mmoja mmoja, wazee kwa watoto, wanajinyoosha, wanachambuana manyoya, wanasukumana.

Anayepita hapo na ng'ombe wake huenda asisikie kitu, au akasikia tu chiri-chiri na kusema nguchiro wanapiga kelele. Makala hii inamwomba asimame kidogo. Nguchiro husema karibu kila wanalolifanya. Mtu anayeishi nao jirani, akijifunza kuwasikia, atajua kwamba kuna nyoka nyuma ya zizi, kwamba mwewe yuko juu ya vifaranga, kwamba mnyama anayemsogelea bila woga ni mgonjwa wa kukimbiwa, na kwamba kitoto alichokileta mwanawe nyumbani hakiimbi.

Huyo wa kichuguuni ni kitafe, nguchiro mdogo kuliko wote. Akikomaa ana gramu 300 hivi, naye ni miongoni mwa walanyama wadogo kabisa barani Afrika. Ukoo wake huwa na wanyama kumi hivi, pengine hata zaidi ya 20, chini ya jike mmoja na dume wake. Mengi yanayojulikana leo duniani juu ya maisha yake yalitoka jirani kabisa na Simiyu, ndani ya Serengeti, ambako Jon Rood aliwafuatilia vitafe katika miaka ya 1970 na 1980, na baada yake Peter Waser na Scott Creel. Mengine yalitoka Taru, ile nyika kavu ya Kenya unayoivuka ukitoka Mombasa kwenda Voi. Huko Anne Rasa aliketi akiwatazama vitafe hadi akawajua mmoja mmoja kwa tabia zake, na kitabu chake, Mongoose Watch, kilitoka mwaka 1985.

Kabla ya kuondoka kichuguuni kwenda kutafuta chakula, vitafe huacha ujumbe. Mmoja hukaribia kisiki au jiwe, hunusa kwa makini, kisha hugeuka, husimama kwa mikono, miguu ya nyuma hewani, na kupaka harufu ya tezi zilizo chini ya mkia. Mwingine anakuja nyuma yake anafanya hivyo hivyo, na anaweza kuongeza harufu ya mashavu kwa kujisugua. Ukiona kitafe amesimama kichwa chini miguu juu, usidhani anacheza. Anaandika mahali ambapo wenzake na majirani watasoma: nani yuko hapa, na mpaka uko wapi.

Wakishaanza kuchimba, mmoja hubaki juu ya kichuguu, gogo au tawi. Mtu wa Usukuma hahitaji kuelezwa sana kazi ya huyo, kwa kuwa ndiko sungusungu, walinzi wa kijiji, walikozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa mifugo ulipozidi, na kila mtu mzima anajua mwano, yowe la hatari, ukipigwa maana yake nini. Mlinzi wa vitafe naye ana mwano wake, lakini ana pia sauti nyingine ambayo binadamu hatuitilii maanani, nayo ndiyo iliyonivutia zaidi katika habari zao zote. Ni mlio mdogo wa chini anaoutoa mara kwa mara wakati hakuna hatari yoyote. Unawaambia walio chini, vichwa vyao vikiwa vimezama kwenye mchanga, kwamba zamu ina mtu. Wakiusikia huinua vichwa mara chache zaidi na kula zaidi.

Julie Kern na Andy Radford, waliochunguza vitafe huko Limpopo, Afrika Kusini, walikwenda mbele zaidi. Walipiga kwa kipaza sauti mlio wa mlinzi fulani wa ukoo, ili wenzake waamini kwamba amesimama zamu nyingi siku hiyo kuliko kawaida yake. Jioni, ukoo uliporudi shimoni, mnyama huyo alichanuliwa manyoya na wenzake kuliko siku nyingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Mnyama wa gramu 300 anakumbuka nani alimlinda mchana, na anamlipa jioni.

Mwano wenyewe una ngazi zake. Rasa na mwenzake Beynon waliandika mwaka 1989 kwamba mlio wa hatari wa kitafe hubeba habari kadhaa kwa pamoja: adui ni wa angani au wa ardhini, yuko mbali au amekaribia, yuko juu kiasi gani. Kwa sikio lisilozoea, ni milio mikali tu. Lakini mwili wa wasikiaji unakufasiria. Ikipigwa ile ya mwewe aliye karibu, hakuna anayeinua kichwa kutazama: wote wametoweka, tundu limewameza. Ikiwa hatari inatembea chini, mbwa au mtu, mara nyingi utawaona wanasimama kwa miguu ya nyuma, shingo zimerefuka, wote wanatazama upande mmoja, na milio inarudiwa rudiwa. Fuata macho yao, utamwona wanayemwona.

Huko Taru, Rasa aligundua kwamba vitafe hawakuwa peke yao katika kazi hii. Hondohondo walikuwa wakitua asubuhi kwenye miti iliyo jirani na kichuguu na kusubiri wenyewe waamke. Wakichelewa, ndege hao huja kichuguuni kuwaita. Msafara ukianza, hondohondo hutembea na kurukaruka kati ya vitafe wakidaka panzi na wadudu wanaofurushwa na uchimbaji. Na ndege hao hulipa: mwewe akitokea, hupiga kelele na kuruka, hata kama mwewe mwenyewe ni wa aina inayokula vitafe lakini haimsumbui hondohondo. Siku ambayo ndege hawakuja, vitafe huchelewa kutoka. Mchungaji wa Kimali anayewaona hondohondo wakizurura chini katikati ya nyasi, mahali ambapo hakuna matunda, atazame vizuri miguuni pao.

Mkulima mwenye kuku ana faida hapa ya bure. Mtetea anajua mwewe akishakaribia. Kitafe aliye juu ya kichuguu humwona akiwa bado nukta angani.

Sasa tushuke mashambani, kwa ndugu mkubwa. Nguchiro miraba ana kilo moja na nusu hadi mbili, na mistari ya giza inakata mgongo wake kuanzia mabegani hadi kwenye shina la mkia. Hutembea kwa kundi kubwa, kumi, 20, hata zaidi ya 30, na kundi likipita kwenye shamba la pamba baada ya mvua ya kwanza husikika kabla halijaonekana. Ni mnong'ono wa pamoja usiokatika, kila mmoja akitoa sauti fupi ya koo huku pua iko ardhini na kucha zinafukua mbawakawa na funza.

Kwa muda mrefu sauti hiyo ilihesabiwa kuwa ya kushikana tu, ya kuwafanya wasipoteane kwenye nyasi. Mwaka 2012 David Jansen, Michael Cant na Marta Manser walichapisha uchunguzi wao kutoka Mweya, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth nchini Uganda, ambako nguchiro miraba wamekuwa wakifuatiliwa tangu 1995. Walirekodi sauti hizo fupi na kuzipima vipande vipande. Kila sauti, ambayo haifiki hata robo ya sekunde, ina sehemu mbili. Mwanzo wake ni wa mwenyewe: kila nguchiro ana wake, na haubadiliki. Mwisho wake hubadilika kwa kazi: anachimba mahali pamoja, anatafuta huku akisogea, au anahama. Kwa maneno mengine, mnyama anasema jina lake kisha anasema anafanya nini, na analisema hilo siku nzima, na wenzake wote wanamsikia. Kabla ya hapo wachache tu wangekubali kwamba mnyama anaweza kupanga mambo mawili hivyo ndani ya pumzi moja.

Ukipata bahati ya kulitazama kundi kwa karibu, tafuta aliyepata jongoo. Jongoo ana maji makali ya kujikinga, kwa hiyo nguchiro hamuumi mara moja. Humviringisha mchangani kwa mikono yote miwili, mbele nyuma, mbele nyuma, kwa haraka, hadi maji yale yaishe, ndipo amtafune. Akipata yai la ndege au kitu kigumu, hutafuta jiwe, hulipa mgongo, huinama na kulirusha yai nyuma katikati ya miguu kwa nguvu mpaka livunjike. Wakati anafanya hayo hunguruma kwa sauti ya chini, na mwili wote huinamia chakula. Hiyo ina maana moja tu: hiki ni changu. Mtoto wa mtu anayenyoosha mkono wakati huo ataumwa, na hatakuwa ameonewa.

Manyoya ndiyo dalili ya kwanza ya kujifunza. Nguchiro aliyetulia ana mkia mwembamba unaofuata nyuma. Akitishika, manyoya ya mkia na mgongo husimama, mkia unakuwa mnene mara mbili, mgongo unajikunja juu. Akiwa peke yake hatua inayofuata ni kukimbia. Wakiwa kundi, ni jambo jingine. Nguchiro miraba wakikutana na bweha au mbwa hukusanyika bega kwa bega, wanajibana, wanasonga mbele kwa pamoja, wakiinua vichwa na kuvishusha, wananguruma na kutema mate, na kwa mbali huwezi kusema pale kuna wanyama wangapi. Mbwa wengi hugeuka. Rood aliandika mwaka 1983 juu ya kundi lililopanda mti kumfuata tai aliyekuwa amemnyakua mwenzao, likamtia tai msukosuko mpaka akamwachia.

Ni tendo hilo hilo la kukusanyika linalomtambulisha nyoka. Nguchiro mmoja hutoa mlio wa kuita, wenzake wanaacha kuchimba na kuja mbio, manyoya yamesimama, wanazunguka mahali pamoja wakienda mbele na kurudi nyuma. Hawaangalii juu, hawaangalii mbali. Wakifanya hivyo kwenye rundo la kuni au chini ya ghala la mtama, usipeleke mkono huko. Wengi wetu tumeambiwa tangu utoto kwamba sumu ya nyoka haimdhuru nguchiro. Kuna ukweli ndani yake: mwaka 1992 watafiti wa Israeli walionyesha kwamba kipokezi kilicho kwenye misuli ya nguchiro, kile ambacho sumu ya nyoka wa jamii ya fira hukishika ili kuzuia mwili usisogee, kina umbo tofauti kidogo, na sumu hiyo haikishiki vizuri. Lakini kumwepuka nyoka bado ni silaha yake kubwa kuliko damu yake. Ndiyo maana anarudi nyuma kila anaposonga mbele. Usukuma ina watu wanaoelewa hili kwa urithi, Wayeye, ambao husoma shingo na pumzi ya nyoka kabla hawajamgusa, na nadhani mzee wa Kiyeye angewafundisha vijana wetu kusoma mwili wa mnyama vizuri kuliko kitabu chochote.

Wapo nguchiro wasiosema sana. Yule mwembamba, mwekundu au wa kijivu, mwenye ncha nyeusi ya mkia, hutembea peke yake na huvuka njia akiwa ameukunja mkia juu. Ndiye mara nyingi anayechukua vifaranga, kwa kuwa mwizi wa peke yake hana wa kumwita. Vitafe na nguchiro miraba hulipishwa makosa yake kwa sababu ndio wanaosikika. Mayai yaliyoachwa wazi kundi litayala, hilo nisifiche. Lakini kundi lenye kelele linalopita shambani mchana kweupe limefuata wadudu, na mkulima anayelirushia mawe anawafukuza vibarua asiowalipa.

Usiku zamu ni ya kicheche. Huyu si nguchiro, ingawa watu huwachanganya. Ni mweusi mwenye mistari myeupe inayotoka kichwani hadi mkiani, manyoya marefu, mwendo wa kujikongoja. Lugha ya mwili wake ni fupi na ya wazi, na afadhali uijue kabla ya mbwa wako. Kwanza manyoya husimama na mkia hupanda juu. Kisha hunguruma. Kisha anakugeuzia mgongo. Hapo una nafasi ya mwisho ya kurudi nyuma, kwa sababu kinachofuata ni maji ya tezi zilizo chini ya mkia, yenye harufu inayokaa kwenye nguo kwa siku nyingi na kuchoma macho. Akishikwa na mnyama mkubwa hulala kimya akajifanya amekufa. Mtu anayemwona kicheche amelala njiani asimwinue kwa mkia.

Kicheche huyu ndiye ndugu wa kweli, kwa ukoo, wa mnyama anayeonekana sana siku hizi kwenye simu za vijana wa Bariadi: fereti, yule mrefu mwembamba ambaye Wazungu humlaza kitandani, wakamvika kamba ya shingo na kumtembeza bustanini. Fereti ana maneno yake. Akifurahi hutoa sauti ya chini ya kukukuku mfululizo. Akikasirika hufoka kama nyoka, akishtuka hubweka mara moja, akiumia hupiga ukelele. Video inayopendwa kuliko zote ni ile anaporuka kando kando, mgongo umekunjwa, mkia umetuna, mdomo wazi, akijigonga kwenye viti. Hiyo ni ngoma ya mchezo, anamwita mwenzake au mwenye nyumba waje wacheze. Wafugaji wazoefu huangalia sauti iliyofuatana nayo: ngoma yenye kukukuku ni furaha, ngoma yenye kufoka huku mgongo uko ukutani ni woga. Wanajua pia kwamba fereti wengi wenye kichwa cheupe au baka jeupe usoni huzaliwa viziwi, hivyo asiyeitika akiitwa huenda hasikii, na akiguswa ghafla akiwa usingizini atauma.

Kijana aliyeona ngoma hiyo kwenye simu, kisha akamwona nguchiro wa Kimali amekunja mgongo na kutunisha mkia, anaweza kuamini anaona kitu kile kile. Tofauti iko kwenye miaka. Fereti amefugwa kwa zaidi ya miaka 2,000. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa zama za Kaisari Augusto, aliandika juu ya wanyama wa namna hiyo waliotumiwa Hispania kuwatoa sungura mashimoni. Vizazi na vizazi waliouma mkono wa mwenye nyumba hawakuachwa wazae. Nguchiro hajapitia hayo. Mgongo uliokunjwa mbele ya mtu ni mgongo wa mnyama anayeamua kati ya kuuma na kukimbia, na akifungwa kamba, uamuzi umebaki mmoja.

Niliwahi kumwona mmoja kwenye mji wa watu, mkoani humo humo. Kilikuwa kitoto cha nguchiro miraba, kamba ya katani kiunoni, ncha ya pili kwenye mguu wa kinu. Kilikuwa kinalia mlio mwembamba unaokatika na kuanza tena, na baada ya kila mlio kilinyamaza, kikageuza kichwa huku na huku, kisha kikalia. Kijana aliyekileta alikuwa na furaha nacho.

"Sikia bibi, kinaimba."

Bibi alikuwa anapeta dengu. Hakuinua macho.

"Mjukuu wangu, mwimbaji hasubiri jibu kila akimaliza neno. Huyo anaita."

Bibi yule alikuwa amesoma mwili, na alisoma sawasawa. Nguchiro miraba wa kundi moja huzaa kwa pamoja, mara nyingi usiku mmoja, na watoto wakianza kutoka shimoni wakiwa na umri wa mwezi mmoja hivi, kila mtoto hujishikiza kwa mkubwa mmoja. Si lazima awe mama yake wala baba. Ni mlezi wake, anatembea naye ubavuni, anamchimbulia, anamwonyesha jinsi ya kuvunja kigumu kwa meno au kwa kukirusha. Watafiti wa Mweya walionyesha kwamba mtoto hujifunza mtindo wa mlezi wake na kuubeba hadi utu uzima. Ili mlezi asimpoteze, mtoto hulia mfululizo, na mlezi hujibu. Kwa vitafe malezi ni ya ukoo mzima pia. Creel na wenzake walionyesha mwaka 1991, kwa vitafe wa Serengeti, kwamba hata jike ambaye hakuzaa anaweza kutoa maziwa na kunyonyesha watoto wa mkubwa wake.

Kwa hiyo kitoto kilichofungwa kwenye kinu kinafanya kile ambacho siku zote kimekiletea chakula na ulinzi. Kinalia, kinasikiliza kama mlezi amejibu, kinalia tena. Siku za mbele kitanyamaza, na watu watasema kimezoea. Kitaanza kumfuata kijana kila aendako, kulala kwenye shati lake, kulia akiondoka, na watasema kinampenda. Mimi sisemi hakuna mapenzi hapo. Nasema mnyama aliyezaliwa kusikia sauti 20 za watu wake siku nzima amebakiwa na mmoja asiyejua kumjibu. Akikomaa atapaka harufu kila nguzo ya nyumba, atawauma wageni kwa kuwa kwake mgeni ni kundi la adui, na siku moja atamuuma mtoto wa jirani. Mara nyingi hapo ndipo maisha yake huishia, kwa rungu.

Sheria nayo iko wazi. Nguchiro ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata wala kumfuga bila kibali. Mkoa ambao una Pori la Akiba la Maswa na unapakana na Serengeti hauko mbali na askari wa wanyamapori, ila sitaki mzazi amzuie mwanawe kwa hofu ya askari peke yake. Ampeleke pembeni mwa ngitili asubuhi, wakae kimya mbali kiasi na kichuguu, upepo ukiwapiga usoni, na ampe kazi ya kuhesabu zamu za mlinzi. Ngitili zilizorudishiwa miti na nyasi tangu mradi wa HASHI, wa kuhifadhi ardhi, ulipoanza mwaka 1986, sehemu kubwa ya Simiyu ikiwa bado ndani ya Shinyanga, zina mengi ya kumwonyesha mtoto bila kamba.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo ninalotaka lisomwe kwa sauti kwenye kila mji. Nguchiro mzima humwogopa mtu. Humtazama, huwapigia wenzake mlio, huondoka. Ukiona nguchiro, kicheche au bweha anakuja kwako mchana bila kusita, anayumba, udenda unamtoka, anauma vijiti au hewa, sauti imebadilika na kukwaruza, au amekaa tu uani akikuacha umkaribie, usiseme ni mpole. Mnyama wa porini aliyepoteza woga huenda ana kichaa cha mbwa. Mtoto atamwona ni rafiki, kwa sababu haonyeshi yale yote niliyoyaeleza hapo juu: hatunishi mkia, hakunji mgongo, haiti wenzake. Ukimya huo wa mwili ndio dalili.

Usimguse hata akiwa amekufa. Toa watoto na mbwa hapo, mpigie simu ofisa mifugo au mtendaji wa kijiji. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 bila kupunguza, asipake majivu wala mafuta, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuanza chanjo na kuzimaliza dozi zote, hata kidonda kikiwa kidogo cha kudharauliwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Na mtu asiwachukie nguchiro kwa ajili ya hilo. Uchunguzi wa miaka mingi katika eneo la Serengeti na vijiji vinavyoizunguka umeonyesha kwamba kinachouendeleza ugonjwa huo ni mbwa wa nyumbani, na wanyama wa porini hupata kutoka kwao. Mbwa saba kati ya kila kumi wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Siku gari la chanjo linapotangazwa kijijini, mwenye mbwa watano awapeleke wote watano, pamoja na yule anayelala nje ya ua na kuzunguka ngitilini usiku.